Barua ya wazi kwa Meneja wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), Kanda ya Ziwa: wimbo unaopigwa redioni umelipiwa na nani?

Ndugu Meneja,

Salaam kutoka Mabatini, ambako nina studio ndogo ya kurekodia muziki. Ninakuandikia kuhusu namna redio za muziki za hapa Mwanza zinavyogombea vijana, kwa kuwa naamini sehemu ya mashindano hayo imo ndani ya mamlaka yako.

Sina ugomvi na ushindani. Wazazi wetu walikulia na Radio Tanzania Dar es Salaam peke yake, hadi Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ilipowafungulia mlango watu binafsi, na baada ya hapo Radio Free Africa ikatangaza kutoka jiji hili kwa masafa ya kati, ikasikika mbali kabisa nje ya Kanda ya Ziwa. Leo vituo vyetu vingi vimegeuza mambo: vimekaa Mwanza, lakini vinajitahidi visikike kana kwamba viko Kinondoni. Vituo vikubwa vya Dar es Salaam vinasikika hapa bila shida, nasi badala ya kumpa kijana kile asichokipata kwao, tunawaiga hadi lafudhi. Panda daladala yoyote ya Igoma na umwombe konda abadilishe stesheni mara tatu. Asubuhi utakutana na Simba na Yanga kote, jioni nyimbo zilezile, na katikati matangazo ya kubeti. Si ajabu dereva wa bodaboda ameshahamia kwenye memori kadi, ambayo angalau amechagua mwenyewe kilichomo.

Kuna wasikilizaji ambao hakuna anayewagombea. Vijana wa dagaa huingia ziwani usiku na taa zao, na mbalamwezi ikiwa kali hubaki nchi kavu, maana dagaa hawafuati taa kwenye mwanga. Kituo kinachoijua Mwanza kingepanga vipindi vyake vya usiku kwa kufuata mwezi. Sijakisikia bado.

Hata hivyo, lililonifanya nishike kalamu ni fedha. Mwaka jana nilipeleka kwenye kituo kimoja, ambacho sitakitaja, wimbo wa kijana wa Ilemela anayechanganya Kiswahili na Kisukuma. Mtangazaji aliusikiliza hadi mwisho, akausifu, kisha akanieleza kwa upole kwamba promo ya wiki moja ni shilingi 150,000, na risiti hakuna. Simlaumu sana, kwa sababu nawafahamu watangazaji waliokaa miezi kadhaa bila mshahara, na mwenye njaa hana miiko. Lakini msikilizaji wa miaka 17 kule Buhongwa anaamini wimbo unarudiwa kwa sababu watu wameupenda, kumbe umerudiwa kwa sababu umelipiwa, na tangazo hilo halikutajwa kuwa ni tangazo. Hapo vituo havishindani tena kwa masikio ya vijana. Vinashindana kwa mifuko ya wasanii, na msanii wa Mwanza mwenye mfuko mtupu hana nafasi katika redio ya nyumbani kwake.

Ombi langu, Ndugu Meneja, ni moja. Kituo cha muziki kinapoomba kuhuisha leseni yake, kitakiwe kuonyesha hadharani orodha ya nyimbo kilizopiga, na kila wimbo uliopigwa kwa malipo uwekewe alama na utajwe hewani kuwa umelipiwa. Wamiliki watasema ni gharama, ilhali programu za kompyuta wanazotumia kurushia muziki zina uwezo wa kuweka kumbukumbu ya kila wimbo kwa saa na dakika. Orodha hiyo ingesaidia pia mirabaha, kwani Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mwenye kazi haki ya kulipwa kazi yake inapotumika, na bila kujua ni nyimbo zipi zimepigwa, mgawanyo unabaki kuwa wa kukisia.

Nitashukuru kupata majibu yako, hata yakiwa ya kukataa, mradi yataje kifungu cha kanuni kinachokuzuia.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mtayarishaji wa muziki, Mabatini, Mwanza