Risala ya Klabu ya Wanafunzi wa Uandishi wa Habari kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Uhuru wa Vyombo vya Habari Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kiongozi wetu mstaafu,
Mheshimiwa Mkuu wa Chuo,
Wakufunzi wetu,
Waandishi wa habari mliokuja kutuunga mkono,
Wazazi, wageni waalikwa na wanafunzi wenzetu,
Mabibi na mabwana,

Kwa heshima na taadhima, tunakukaribisha Mheshimiwa Mgeni Rasmi, na tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako ukaja kukaa nasi leo, tarehe 3 Mei. Kamati ya maandalizi ilipokaa kuandika barua ya mwaliko, kulikuwa na mvutano: tumwalike kiongozi aliye madarakani, au aliyekwisha kung'atuka? Tulimchagua mstaafu kwa makusudi. Tuna neno la kumwomba ambalo aliye madarakani hawezi kulitimiza vizuri.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, klabu yetu hukutana kila Alhamisi jioni. Kabla ya ajenda yoyote, mwanachama mmoja husimama akasoma jina la mwandishi mmoja aliye kizuizini mahali fulani duniani, muda aliokaa humo na kosa analodaiwa kulitenda. Hatujawahi kukosa jina la kusoma. Kamati ya Kulinda Waandishi wa Habari, yenye makao yake New York, ilihesabu waandishi 361 waliokuwa wamefungwa tarehe 1 Desemba 2024. Kwa mwendo wetu wa jina moja kwa wiki, orodha hiyo peke yake ingetuchukua karibu miaka 7.

Baada ya kusoma majina kwa miezi mingi, mwenzetu mmoja aliuliza: hawa wanaotoka, hutokaje? Tukaanza kutafuta. Wapo wanaomaliza vifungo vyao. Wapo wanaobadilishwa na wafungwa wengine, kama Evan Gershkovich aliyetoka Urusi tarehe 1 Agosti 2024 katika mabadilishano makubwa yaliyofanyika Ankara. Lakini kuna njia moja iliyotushangaza zaidi, nayo ni ya mzee asiye na cheo anayepanda ndege, anakwenda kukaa na mtu ambaye serikali yake haizungumzi naye, na kurudi na wafungwa.

Tarehe 17 Machi 2009, Laura Ling na Euna Lee, waandishi wa televisheni ya Current TV ya Marekani, walikamatwa na askari wa Korea Kaskazini kwenye Mto Tumen, mpakani na China, walipokuwa wakifuatilia habari za watu wanaoikimbia nchi hiyo. Juni mwaka huo mahakama iliwahukumu kila mmoja miaka 12 ya kazi ngumu. Marekani haina ubalozi Pyongyang, na shida za raia wake huko hubebwa na ubalozi wa Sweden. Barua ziliandikwa na maombi yakapelekwa. Kisha, Julai, wanawake wale waliporuhusiwa kuzipigia simu familia zao, walipeleka ujumbe: watasamehewa, ikiwa Bill Clinton atakuja mwenyewe.

Clinton alikuwa ametoka Ikulu ya Marekani miaka 8 na zaidi iliyopita. Hakuwa na mamlaka ya kutia saini hata karatasi moja kwa niaba ya nchi yake. Alifika Pyongyang tarehe 4 Agosti, akakutana na Kim Jong-il, kiongozi wa Korea Kaskazini, wakala chakula cha usiku, wakapigwa picha ambayo mgeni hakutabasamu. Msamaha ukatolewa. Ling alikuja kusimulia kwamba waliambiwa tu wanapelekwa kwenye mkutano, mlango ukafunguliwa, wakamwona Clinton amesimama mbele yao. Kesho yake walitua Burbank, California, baada ya siku 140 mikononi mwa waliowakamata. Muda wote wa safari hiyo serikali ya Marekani ilishikilia neno moja: hii ni safari binafsi.

Tumelijadili sana neno hilo "binafsi" katika klabu. Wengine walisema ni uongo wa kistaarabu, kwa kuwa mke wa msafiri ndiye alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje na Ikulu ilijua kila hatua. Wengi wetu tumefikia maoni tofauti. Neno hilo ni kama mlango wa uani. Mlango wa mbele umefungwa, na kila upande umeapa mbele ya watu wake kwamba hautaufungua. Mstaafu anapita uani. Akifanikiwa, hakuna serikali iliyovunja kiapo. Akishindwa, hakuna serikali iliyoaibika. Aliyemshika mfungwa anapata picha na heshima ya kutembelewa na mtu mkubwa, na mfungwa anapata uhai wake. Udhaifu wa mjumbe, kwamba hana cha kutoa, ndio unaomfanya apokelewe.

Kuna jambo jingine ambalo tunaona limesahaulika. Kim Il-sung, baba yake Kim Jong-il, alipofariki Julai 1994, Clinton, akiwa rais, alitoa salamu za rambirambi kwa watu wa Korea Kaskazini, na nchini kwake wapo waliomlaumu kwa hilo. Sisi tuliolelewa kujua uzito wa mtu kufika msibani hatuhitaji kufafanuliwa. Salamu hizo zilikuwa na umri wa miaka 15 siku Clinton alipoketi na mwana wa marehemu.

Hawakuwa Ling na Lee peke yao. Agosti 2010 Jimmy Carter, rais mwingine mstaafu wa Marekani, alikwenda Pyongyang na kurudi na Aijalon Gomes, mwalimu aliyekuwa amehukumiwa miaka 8. Bill Richardson, aliyewahi kuwa balozi wa Marekani Umoja wa Mataifa, aliifanya kazi hii kwa miongo kadhaa, akiwa na cheo na asiwe nacho, hadi alipofariki Septemba 2023. Wala hakufanikiwa kila mara. Januari 2013 alikwenda Pyongyang akitaka Kenneth Bae aachiwe, akarudi mikono mitupu, na Bae akakaa kizuizini hadi Novemba 2014. Mzee mstaafu naye hurudishwa mlangoni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hapa ndipo tunapofika kwenye neno letu.

Agosti 2006, mwandishi Paul Salopek wa gazeti la Chicago Tribune alikamatwa Darfur, Sudan, akashtakiwa kwa ujasusi. Richardson, wakati huo gavana wa New Mexico, alikwenda Khartoum kumwona Rais Omar al-Bashir, na mapema Septemba Salopek akaachiwa. Lakini Salopek hakukamatwa peke yake. Alikuwa na dereva wake na mkalimani wake, wote raia wa Chad. Nao waliachiwa pamoja naye. Tuliposoma hivyo tulipiga makofi, kisha tukanyamaza, kwa sababu tulijua kwamba haiwi hivyo siku zote.

Danny Fenster, mhariri Mmarekani wa Frontier Myanmar, alikamatwa katika uwanja wa ndege wa Yangon Mei 2021. Tarehe 12 Novemba, siku ya Ijumaa, alihukumiwa miaka 11. Jumatatu iliyofuata alikuwa ndani ya ndege pamoja na Richardson. Tulifurahi kwa ajili yake na kwa ajili ya wazazi wake. Wiki mbili baadaye, tarehe 1 Desemba, hesabu ya Kamati ile ile ilikuta waandishi 26 wamefungwa nchini Myanmar. Hao ndio wanaoijua lugha na vichochoro vya nchi hiyo. Ndege ilikuja na kuondoka, wao wakabaki.

Hatusemi kwamba haiwezekani kwao. Wa Lone na Kyaw Soe Oo wa shirika la Reuters, wazawa wa Myanmar, walikamatwa Desemba 2017 walipokuwa wakichunguza mauaji ya wanaume 10 Warohingya, jamii ya Waislamu walio wachache nchini humo, katika kijiji cha Inn Din. Walihukumiwa miaka 7. Waliachiwa tarehe 7 Mei 2019 kwa msamaha wa rais, baada ya zaidi ya siku 500, na mtu aliyesaidia kuutengeneza msamaha huo kwa mazungumzo ya kimya kimya alikuwa Ara Darzi, daktari wa upasuaji aliyewahi kuwa naibu waziri wa afya Uingereza. Richardson alikuwa ameligusa suala hilo hilo mbele ya Aung San Suu Kyi, kiongozi wa serikali ya Myanmar wakati huo, Januari 2018, wakagombana, naye Richardson akajiuzulu kwenye bodi ya kuishauri serikali hiyo. Mlango uliomkataa mzee mmoja ukamfungukia mwingine. Kumbe wazawa nao wanaweza kuombewa, mradi apatikane wa kuwaombea.

Bara letu halikosi watu wa namna hiyo. Farzad Bazoft wa gazeti la The Observer alinyongwa Baghdad tarehe 15 Machi 1990. Muuguzi Daphne Parish, aliyempeleka kwa gari lake kwenye eneo alilokuwa akilichunguza, alihukumiwa miaka 15. Alitolewa Julai mwaka huo huo, na aliyemwombea kwa Saddam Hussein alikuwa Mzee Kenneth Kaunda. Ni kweli Mzee Kaunda alikuwa bado Rais wa Zambia, kwa hiyo si mfano wa mstaafu. Tumemtaja kwa sababu Parish hakuwa Mzambia.

Wapo wanaosema safari hizi zinawafundisha watawala kukamata waandishi ili watembelewe. Hoja hiyo ina uzito, na hatutaki kuipuuza mbele yako. Picha ile ya Pyongyang ilikuwa malipo. Lakini tumejiuliza: nani kati yetu angemwambia binti mdogo wa Euna Lee kwamba mama yake abaki ili watawala wajifunze? Hatukumpata.

Jambo jingine linatugusa sisi wenyewe. Tunafundishwa kwamba siri ni adui wa habari. Hata hivyo, mjumbe asiye rasmi huhitaji ukimya, na habari ikivuja mapema inaweza kuufunga mlango uliokuwa umeanza kufunguka. Tumekubaliana katika klabu kwamba kuna siku mwandishi ananyamaza ili mwandishi mwenzake atoke. Lakini ukimya huo uwe na mwisho.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwenzetu mmoja aliyetutangulia katika klabu hii alishikiliwa siku 4 kwa kupiga picha za watu waliokuwa wakibomolewa nyumba. Hakuwa na pasipoti ya taifa kubwa wala shirika la kumwandikia tamko. Aliyemtoa alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, aliyekwenda asubuhi akakaa kwenye benchi la mapokezi na kusema yeye hana haraka. Alikaa siku mbili. Miongoni mwa waliokuwa zamu walikuwamo wanafunzi wake.

Tunakuomba, basi, ukalie benchi hilo. Wewe una namba za simu ambazo hakuna mwanafunzi wala mhariri anayeweza kuzipiga, na wapo watu wakubwa uliowahi kuwazika wazazi wao. Ukiitwa kumwombea mwandishi mwenye jina kubwa, tafadhali uliza pia: dereva wake yuko wapi? Mkalimani je? Mpiga picha wa mtaani aliyekamatwa usiku ule ule? Usikubali ndege iondoke kabla hujajibiwa. Na tunakuomba uwashawishi wastaafu wenzako, kwa sababu mmoja akikataliwa, mwingine atasikilizwa. Siku itakapokuwa salama kusimulia, rudi hapa utusimulie, nasi tutaandika.

Kabla ya kukuomba uzungumze nasi, turuhusu tutimize desturi yetu, ingawa leo si Alhamisi. Jina la wiki hii ni Dawit Isaak, mwandishi wa Eritrea na Sweden, mmoja wa waanzilishi wa gazeti la Setit. Alikamatwa Asmara tarehe 23 Septemba 2001. Aliachiwa kwa siku chache Novemba 2005, kisha akarudishwa kizuizini. Hajawahi kufikishwa mahakamani.

Tunaomba kuwasilisha.

Risala hii imeandaliwa na wanachama wa klabu na kusomwa na Katibu.