Wahandisi wa programu wafundishwe kutunza mifumo

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala kuhusu masomo ya shahada ya uhandisi wa programu za kompyuta. Tangu mkutano wa wataalamu wa kompyuta uliofanyika Garmisch, Ujerumani, mwaka 1968 kujadili uhandisi huu, taaluma hii imehusu mengi kuliko kuandika msimbo, yaani maagizo ambayo kompyuta huyafuata: kukusanya mahitaji ya watumiaji, kusanifu, kupima na, jambo ambalo aghalabu hugharimu kuliko yote, kuitunza programu iliyokwisha kukabidhiwa. Mwanafunzi anayeuacha kila mradi mara tu unaposahihishwa hawezi kulijua hilo, wala hajapata kumsikiliza mtumiaji, tuseme karani wa bandari hapa Tanga, akieleza kazi yake.

Napendekeza vyuo viwakabidhi wanafunzi wa mwaka wa tatu mfumo ulioachwa na waliohitimu, waurekebishe muhula mzima, na mtumiaji halisi ashiriki kuwapa alama.

Msomaji wako,
Tanga