Vioo vya duara saluni: tumfikirie kwanza aliyekaa kitini

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme na wenzangu wenye saluni, na wanaotuuzia vioo, na wenye fremu, yaani vyumba vya biashara tunavyopanga.

Mimi ni msusi, huu mwaka wa 17. Nilianzia kibarazani kwa shangazi yangu, Tandika, mteja kwenye mkeka na mimi kwenye kigoda nyuma yake. Kioo kilikuwa kimoja tu cha mkononi, chenye mshikio mwekundu wa plastiki, kikipita kwa huyu na yule. Leo nina saluni yangu hapahapa Tandika: fremu ya mita 3 kwa 4 na nusu, viti vitatu, sinki moja la kuoshea.

Siku hizi kila saluni mpya ninayoingia hapa Dar es Salaam ina vioo vya duara. Navipenda. Chumba chembamba kilichojaa kona za meza, droo na drya kinapata utulivu ukiweka duara tatu ukutani. Kwa hiyo siandiki kuvipinga. Ninachosema ni kwamba tunavichagua kwa ajili ya picha ya kurusha mtandaoni, tunamsahau mtu atakayekaa mbele yake kwa muda wa saa 4 au 5 akisukwa. Kwake yeye kile kioo ni macho yake ya siku hiyo.

Nasema hivyo kwa sababu mimi mwenyewe nilikosea. Vioo vyangu vya kwanza vya duara vilikuwa na upana wa sentimita 40, vimezungushiwa mkanda wa rangi ya dhahabu, nilivinunua kwenye duka moja mjini. Muuzaji alinishauri nivibandike kwa gundi ya pande mbili, na nivipandishe juu kidogo ili nikimpiga mteja picha akiwa amesimama kioo kitokee nyuma ya kichwa chake. Nikafuata. Picha zilikuwa nzuri kweli.

Siku moja akaja mama mmoja, mwalimu mstaafu, mtu wa kimo kifupi. Siku zote huwa namsuka mtindo wa twende kilioni, lakini safari hii mwanawe alikuwa anaoa, akataka rasta ndogondogo. Tulianza saa 2 asubuhi, tukamaliza saa 7 mchana. Nikamuuliza, "Mama, umeonaje?" Akanijibu kwa upole wake uleule, "Mwanangu, tangu asubuhi naona paji la uso tu. Hebu nipe kile cha mkononi." Saa 5 nzima hakuniambia, kwa heshima yake. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake muda wote huo na sikuwahi kuinama hata mara moja nione anachokiona.

Alipoondoka nilichukua futi, nikamwomba msaidizi wangu akae kwenye kile kiti. Macho yake yalikuwa sentimita 111 kutoka sakafuni. Ukingo wa chini wa kioo ulikuwa 115. Basi, mteja wangu alikuwa anatazama ukuta na kupata kipande cha nywele zake kwa juu.

Fundi vioo mmoja wa eneo la Gerezani, hapa Dar es Salaam, ndiye aliyenielewesha. Kioo kilichosimama wima mbele yako kinakuonyesha, pale ulipo, eneo lenye upana na urefu mara 2 ya kioo chenyewe. Ndiyo maana mtu anayetaka kujiona mwili mzima anahitaji kioo cha nusu ya urefu wake tu, mradi kitundikwe mahali pake, na kurudi nyuma hatua 3 hakumwongezei kitu. Sikuamini hilo la mwisho mpaka nilipojaribu mwenyewe pale dukani kwake, nikisogea mbele na nyuma huku kidole changu kikiwa kwenye kifungo cha gauni. Kifungo kilichokuwa ukingoni kabisa mwa kioo kilibaki palepale ukingoni.

Halafu kuna jambo la duara lenyewe. Kioo cha mraba cha sentimita 60 na cha duara cha sentimita 60 havilingani, ingawa vinauzwa kwa kipimo hicho kimoja. Duara halina pembe, na pembe za chini ndipo mabega ya mteja yanapokaa. Mtu anayesukwa nywele ndefu za kufika kiunoni anataka kuona zinavyoanguka begani, siyo uso peke yake. Ndiyo maana sasa nimechukua vya sentimita 70, na katikati ya kioo nimeipima sentimita 118 kutoka sakafuni. Mteja mfupi anajiona mpaka mapajani, mteja mrefu hakatwi kichwa, na wote wawili wanaona mikono yangu inafanya nini. Kwa hili la mwisho nimepata faida ambayo sikuitarajia: mteja akiona mstari unapinda ananiambia mapema, nafumua rasta 4 badala ya 40.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Kimoja cha vile vioo vyangu vya kwanza kilianguka usiku. Nilifungua mlango asubuhi nikakikuta kimevunjika juu ya kiti cha katikati, vipande vimetawanyika kwenye sponji ya kiti, kimoja kirefu kama kisu kimesimama katikati ya mgongo na kalio la kiti. Hicho ndicho kiti ambacho Jumamosi huwa nawakalisha watoto wa shule, nikiwawekea kibao juu ili wafikie urefu. Niligeuza mkanda wa gundi nikauangalia. Gundi ilikuwa bado imeshika kioo vizuri sana. Kilichobanduka ni rangi ya ukuta, imetoka nayo kama ganda la yai. Saluni ina mvuke wa maji ya moto kutwa, na joto la Dar es Salaam tunalijua. Rangi inalegea taratibu, na hakuna anayeona, kwa sababu iko nyuma ya kioo.

Wenzangu, fanyeni hesabu hii kabla ya kubandika. Kioo cha unene wa milimita 1 kwa ukubwa wa mita moja ya mraba kina uzito wa kilo 2 na nusu. Duara la sentimita 70 lenye unene wa milimita 5 ni karibu kilo 5, bila mbao ya kuzungushia. Hizo kilo 5 zinaning'inia mbele ya uso wa mtoto wa mtu. Vyangu vipya vimegongewa ubao kwa nyuma, vikatundikwa kwa skrubu mbili zilizoingia kwenye plagi za plastiki ndani ya tofali. Unene nao una maana: kioo chembamba kikipachikwa kwenye ubao usionyooka kinajikunja kidogo, na uso wa mteja unavutika upande mmoja. Ukienda kununua, simama mbele yake utikise kichwa polepole huku unatazama fremu ya mlango nyuma yako. Ikicheza kama maji, kiache. Pia weka ncha ya ukucha kwenye kioo utazame nafasi iliyo kati ya ukucha na taswira yake kiooni. Nafasi ikiwa finyu sana, kioo ni chembamba.

Wanaotumia silikoni nao waangalie ni ipi. Ile yenye harufu kali ya siki inakula rangi ya fedha iliyo nyuma ya kioo, na baada ya muda unaona madoa meusi yanatambaa kutoka ukingoni. Kuna isiyo na harufu hiyo. Ombeni hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo sijalisikia likizungumzwa, na kwangu mimi ni zito kuliko hata uzuri wa kioo. Wateja wangu wengi wanavaa ushungi. Wakiingia wanavua, kwa sababu wanajua ndani ni wanawake peke yao na mlangoni kuna pazia. Nilipotundika duara la nne kwenye ukuta wa mwisho, lile la pambo, nilijisifu limeongeza mwanga chumbani. Jioni nilitoka nje kununua maji, nikageuka, na kupitia upenyo wa pazia nikamwona mteja wangu ndani ya lile duara, kichwa wazi, kama nimesimama naye. Na mimi nilikuwa barabarani, kwenye kijiwe cha bodaboda. Nilirudi ndani nikakishusha palepale. Yule dada hakujua, lakini nilimwambia na nikamwomba radhi, maana stara yake alikuwa ameikabidhi kwangu. Sasa kile kioo kiko ukuta wa pembeni. Nawasihi wenye saluni: kabla fundi hajatoboa, mtu mmoja ashike kioo mahali kitakapokaa, mwingine atoke nje apite mlangoni kama mpita njia, mara ya kwanza kutoka kulia, mara ya pili kutoka kushoto. Mfanye hivyo pazia likipepea pia.

Kuhusu vile vyenye taa nyuma yake sitasema mengi. Vinapendeza, lakini taa ya nyuma inaangaza ukuta, uso wa mteja unabaki na kivuli, na ukimpamba bibi harusi kwa mwanga huo akitoka juani mnashtuka wote. Bora taa mbili za pembeni usawa wa uso.

Na msikimbilie vya kutoka nje tu. Vyangu vipya vimekatwa Gerezani, na mzunguko wa mbao ya mninga umechongwa Keko. Fundi alinionyesha kwamba ukikata duara kutoka kwenye mraba, zaidi ya sehemu moja kwa tano ya kioo inabaki kwenye pembe, na mteja ndiye anayeilipia. Nikamwomba asizitupe. Kutoka kila pembe akanikatia kiduara cha sentimita 9, akakisugua kingo. Nina 12, ninazungushia ukili aliosuka mama yangu, na mteja anakishika kuona kisogo chake.

Maombi yangu ni matatu. Wauza vioo, andikeni unene kwa kalamu nyuma ya kila kioo, milimita ngapi, ili tusinunue kwa kukisia. Mafundi, mkiona mteja anataka kubandika kioo kizito kwenye rangi ya ukuta, mkatalieni hata kama amelipa.

La tatu ni kwenu wenye fremu. Wengi wetu tunabandika vioo kwa gundi kwa sababu mmetukataza kutoboa kuta, na kodi ya miezi 6 tumeshalipa, hatuwezi kubishana. Naelewa, nyumba ni jasho lenu. Lakini ninaomba mashimo mawili tu kwa kila kioo, kila moja la milimita 8. Siku ya kuhama tutayaziba kwa saruji, tupige msasa na tupake rangi ileile, na mje mkague kabla hatujawakabidhi funguo.

Msusi,
Tandika, Dar es Salaam