Kugeuza picha za kumbukumbu za vikao kuwa maandishi

Ndugu wanakikundi, salaam.

Picha za kumbukumbu zetu za vikao vya zamani, zile zilizopigwa chapa kwa taipureta, zimeanza kufika, nami nawashukuru waliozileta. Tunachohitaji sasa ni maandishi yanayoweza kuhaririwa katika Word, si picha iliyobandikwa tu ndani ya waraka, kama tulivyofanya baadhi yetu (mimi nikiwa wa kwanza).

Njia rahisi ni kupakia picha kwenye Google Drive kwa kutumia kompyuta, kubofya juu yake kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kuchagua ifunguliwe kwa Google Docs, kisha kupakua waraka utakaotokea kama faili la Word. Picha isilale ubavu, iwe na mwanga wa kutosha, na isizidi MB 2. Mnapozituma hapa, zitumeni kama waraka, kwa kuwa WhatsApp hupunguza ubora wa picha za kawaida na herufi ndogo hufifia.

Kazi kubwa ni kusahihisha. Katika ukurasa niliojaribu jana, "ng'ombe 10" ilitoka "ng ombe lO", na jedwali la michango likavurugika kiasi kwamba niliona heri kulichapa upya. Kwa hiyo kila kiasi cha fedha kilinganishwe na picha kabla ya kuhifadhi waraka. Kurasa zilizoandikwa kwa mkono msizihangaikie. Tutazichapa wenyewe Jumamosi. Picha zenyewe zisifutwe.

Mratibu