Barua ya wazi kwa shemeji: msilipie redio bado

Shemeji,

Salamu katika jina la Bwana. Habari zimenifikia kwamba baraza la kanisa lenu limepatana bei na wenye ile redio hapa Malindi, na mnataka kumaliza malipo mwezi huu. Naomba mngoje.

Masafa ya redio, yaani namba mnayotafutia stesheni, hayauzwi. Anayewauzia ana leseni tu, aliyopewa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na haihamishwi kwa mwingine bila idhini ya maandishi ya Mamlaka hiyo. Itakeni leseni yenyewe, si picha ya simu. Someni imeandikwa kwa jina la nani, ni ya biashara au ya jamii, inaisha lini, na kama ada za kila mwaka zimelipwa. Mwenye leseni akiwa kampuni, ombeni CR12, hati ya msajili wa kampuni, kupitia eCitizen, itawaonyesha wakurugenzi na wenye hisa. Msishangae mkikuta mchungaji mnayezungumza naye hayumo. Redio za makanisa huanza kwa moyo safi, karatasi zikaandikwa kwa jina la yeyote aliyekuwa karibu siku ile.

Mkinunua hisa za kampuni, mnanunua na madeni yake: kodi ya KRA, mishahara, kodi ya mahali mnara ulipo. Mkinunua mitambo peke yake, mna vyuma, redio bado hamna. Kwa njia yoyote ile, fedha zikae kwa wakili mpaka barua ya idhini itoke.

Sasa mitambo. Nendeni na fundi wenu, si wa muuzaji, transmita, mtambo unaorusha matangazo, ikiwa hewani kwa nguvu kamili. Asome wati zinazokwenda kwenye antena na zinazorudi. Ikituma 1,000 na zikarudi zaidi ya 40, SWR, kipimo cha nguvu zinazorudi, imepita 1.5 na kuna ubovu kwenye antena au kebo. Hapa pwani mchawi ni chumvi: kusi inaipuliza, masika inaongeza maji, konekta zinaota kutu ya kijani, maji yanaingia ndani ya kebo. Transmita za kisasa hujipunguzia nguvu zenyewe ili zisiungue, basi redio inaendelea kusikika mjini huku Mambrui na Watamu ikikwaruza, na wasikilizaji wanadhani wenye redio wamechoka. Fundi apande mnarani, afungue konekta, azikague, azifunge upya kwa utepe wa mpira. Apime pia waya wa ardhi, maana radi ikikosa njia ya kushuka hupitia studio.

Ulizeni urefu wa mnara. Pwani yetu hapa ni tambarare, na antena iliyo mita 50 juu huona takriban kilomita 29. Muuzaji akiwaambia redio inafika mjini Kilifi kwa mnara huo, msilipie ahadi hiyo.

Wafanyakazi hawahami wenyewe pamoja na mitambo. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri anayepunguza watu atoe notisi ya mwezi mmoja kwao na kwa afisa wa kazi, na alipe angalau siku 15 za mshahara kwa kila mwaka kamili wa utumishi. Andikeni kwenye mkataba nani atalipa. Tafadhali mbakisheni mtangazaji wa asubuhi na yule anayesoma matangazo ya vifo kwa Kigiryama. Mkijaza saa hizo mahubiri ya setilaiti kutoka mbali, watu watahamia stesheni nyingine, na sioni mtakavyowarudisha.

Kuna wahubiri waliolipia vipindi vya miezi ijayo. Itakeni orodha yao na kiasi walicholipa, kikatwe kwenye bei.

Na Paybill, namba ya kupokelea pesa za M-Pesa. Sadaka za wasikilizaji huingia kwenye namba iliyosajiliwa kwa mwenye wa zamani, na zitaendelea kuingia huko hata mkishachukua studio. Fungueni yenu mapema, itangazwe hewani kila saa kwa wiki kadhaa, na ile ya zamani ifungwe kwa tarehe iliyoandikwa mkatabani. Kurasa za mitandao na namba ya simu ya studio zikabidhiwe siku hiyohiyo, nywila zibadilishwe mbele ya wakili.

Nitumie nakala ya leseni na CR12 kabla baraza halijakutana tena, nizisome.

Shemeji yako,
Malindi