Ule ufa kwa picha yako

Mwanaisha wangu,

Salamu nyingi, mama hajambo? Watoto? Sisi huku Umoja tuko tu, mvua inatupiga tangu juzi, matatu zimepandisha nauli kama kawaida yao, na stima imerudi saa hii ndo maana naandika mbio kabla ipotee tena. Najua nimenyamaza wiki tatu. Usininunie, si ile maneno ya harusi ya Kadzo (ingawa hiyo bado nakudai, tutaongea).

Ni ile picha. Ile umesimama kwa ploti mnayotaka kujenga nyumba ya wageni, juu ya genge, na leso yako ya manjano, bahari nyuma. Kila mtu kwa grupu aliandika hongera, mimi nikawa navuta picha miguuni pako. Kuna ufa hapo kwa nyasi Mwanaisha. Unafuata ukingo wa genge sambamba kabisa kama mtu aliuchora. Nimevuta mpaka simu ikagoma.

Na unajua mimi na nyufa. Kule kwetu Murang'a ufa kama huo ulikaa kwa shamba la majani chai juu ya nyumba ya cucu (nyanya yangu), tukawa tunauruka tukienda kuteka maji, alafu mvua ya mwezi wa tano ikaja usiku mmoja shamba likashuka na migomba ikiwa imesimama wima. Najua utaniambia kwenu ni jiwe si udongo. Fundi wenu naye ati "jiwe ni jiwe". Jiwe gani? Hilo ni tumbawe, lilikuwa hai chini ya maji kama miaka 125,000 iliyopita bahari ikiwa juu kuliko leo, na limejaa vitundu kama mkate wa kumimina wa mamako. Maji ya mvua yana asidi kidogo, yanaila chokaa yake polepole. Ya chumvi yakirushwa na mawimbi yanaingia kwa vitundu, jua likiwaka yanakauka, chumvi inabaki inaganda na kusukuma jiwe kutoka ndani. Na hapo bado sijataja mizizi na hao konokono wanaokwangua mwamba usiku na mchana.

Chini ndo kubaya zaidi. Hebu shuka maji yakitoka uangalie. Pale maji yanapofika yakijaa mwamba utakuwa umelika umeingia ndani kama kwapa, juu kumebaki mdomo unaning'inia, na wewe na leso yako mmesimama juu ya huo mdomo! Uzito unauvuta mbele, nyuma unapasuka, ndo huo ufa. Na haushuki kidogo kidogo, unakaa miaka na mikaka watu wanazoea, alafu siku moja pande zima. Malta walikuwa na dirisha la mwamba baharini, watalii walikuwa wanajaa pale, 8 Machi 2017 dhoruba ikaja likaanguka lote na nguzo yake.

Kitu kingine, hiyo septiki, shimo la maji machafu, fundi anataka kuiweka upande wa bahari ati ndo kuna mteremko. Mwambie hapana. Kule Scarborough Uingereza kulikuwa na hoteli juu ya genge, Holbeck Hall, Juni 1993 wageni waliamka wakakuta bustani imeshuka, na hoteli yenyewe ikafuata. Pale ni udongo wa mfinyanzi, sawa, lakini mwenye makosa si wimbi, ni maji yaliyoingia ndani. Sasa wewe umwagie ufa maji ya bafu ya wageni kila siku?

Na yule jamaa anayeokota mawe yaliyoanguka chini anauza, mkatazeni. Hayo ndo yanavunja wimbi kabla lifike kwa mwamba. Hata Fort Jesus imekalia tumbawe hilo hilo tangu 1593 na juzi juzi tu ilibidi ijengewe ukuta upande wa bahari.

Sikatai nyumba jamani. Naikataa hapo. Fanya hivi, piga vigingi viwili, kimoja huku cha ufa kingine kule, pima na tepu ya fundi, andika tarehe, upime tena kila bamvua, yale maji makubwa ya mwezi, ikipita na hasa kusi ikianza kuvuma. Nitumie namba. Kwanza we usipime, tuma Juma, na asikae upande wa bahari.

Sasa nijibu. Huo ufa ulikuwepo baba akiwa hai au ni mpya? Unaingia mpaka kwa ploti ya jirani? Fundi umeshampa depositi, ya ngapi? Si hapo nyuma karibu na mnazi mkubwa kuna nafasi, mbona msijenge hapo, wageni si watatembea tu kwenda kuona bahari? Na Kadzo alirudisha sufuria zangu?

Stima imeanza kuchezacheza. Nipigie jioni.

Wako,
Wanjiru