Rehema mwanangu, soma hii kabla hujasaini fomu ya upasuaji

Mwanangu Rehema,

Asalaam aleikum. Hujambo wewe, mumeo na watoto? Huku Kigamboni wazima.

Majibu ya kile kinyama ulichokatwa kupimwa nimeyapata: ni saratani ya titi. Uvimbe mmoja, sentimita 2, titi la kushoto, kwapani daktari alipapasa hakukuta kitu. Umesema amekupa njia mbili: atoe uvimbe kisha upigwe mionzi, au akate titi lote. Na shangazi yako keshapiga simu kutoka Korogwe: "Likatwe lote, ugonjwa uishe." Anakupenda, hilo halina ubishi. Ila ugonjwa huu hauendi kwa hesabu hiyo.

Nimestaafia wodi ya upasuaji, kwa hiyo leo unazungumza na mama na nesi kwa pamoja. Zamani walikata kila kitu. Mmarekani mmoja, Halsted, miaka ya 1890, aliondoa titi, misuli ya kifua na tezi zote za kwapa, akiamini saratani hutambaa hatua kwa hatua, basi ukikata pana umeiwahi. Wanawake wakabaki na mbavu tupu na mikono iliyovimba, na mtindo huo ukatawala miongo na miongo. Kuanzia miaka ya 1970, madaktari wawili, Veronesi kule Milan, Italia, na Fisher kule Marekani, wakawagawa wagonjwa kwa kura: hawa titi lote, hawa uvimbe na mionzi. Fisher akaongeza kundi la uvimbe bila mionzi. Matokeo ya miaka 20 yalitoka 2002, na kwa upande wa kubaki hai makundi yalikuwa sawasawa. Aliyekatwa lote hakuishi zaidi.

Tofauti ilikuwa kwenye kurudi kwa ugonjwa. Kwa Fisher, waliotolewa uvimbe bila mionzi, kama 39 katika kila 100 uliwarudia kwenye titi lile lile. Waliopigwa mionzi, 14. Kwa hiyo ukichagua kubaki na titi, umechagua na mionzi, mpaka siku ya mwisho. Anayejua hataimaliza, heri akate lote.

Wengi niliowauguza hawakukatwa kwa ukubwa wa uvimbe. Walikatwa kwa sababu ya nauli na mahali pa kulala Dar. Mtu wa Songea atakaa kwa nani wiki zote hizo? Wewe una kwa mama. Kwangu hadi Ocean Road, hospitali ya saratani, ni pantoni, ukishuka Magogoni ni bajaji kidogo tu, jengo lile la Wajerumani linaloangalia bahari. Mionzi ni Jumatatu hadi Ijumaa, wiki tatu au tano, watakavyopanga wao. Unalala mezani dakika chache, mashine inakuzunguka, husikii maumivu. Baadaye ngozi itaiva iwe nyeusi zaidi, hasa chini ya titi, na uchovu utakushika. Usipake mafuta ya mtu yeyote kabla hujawauliza. Wakishakuchora alama, usizisugue.

Anayekutisha kwamba utatoka na mionzi mwilini umdhuru mtoto, mwambie hajui. Mionzi ya mashine ile haibaki mwilini. Mpakate mwanao. Lakini hedhi ikichelewa, sema kabla hujapanda mezani, maana mwenye mimba hapigwi. Na kwa vile ni titi la kushoto, moyo uko jirani: uliza wanaukingaje. Kwingine humwelekeza mgonjwa avute pumzi na kuibana, moyo usogee mbali kidogo.

Swali jingine, na hili watu hulisahau kwa kuwa akili yote iko kwenye titi: kwapani atafanya nini? Atadunga rangi ya kuzionyesha, atoe zile tezi chache za mwanzo zikapimwe, au atafagia zote? Zikifagiwa, mkono unaweza kuvimba hata miaka baadaye, na wewe unaishi kwa cherehani.

Ujue pia kwamba kukata lote si lazima kukuepushe na mionzi. Tezi zikikutwa na ugonjwa wanaweza kukupiga vilevile, kifuani. Na ukitolewa uvimbe tu, maabara wakikuta kingo za nyama zina saratani, unarudi theatre. Uvimbe ungekuwa mahali pengi, au kifua kingeshawahi kupigwa mionzi, nisingekuandikia haya yote, ningesema likatwe. Na hata sasa, ukiniambia hutaki kuamka kila asubuhi ukilipapasa kwa hofu, bora liondoke, nitakuuguza bila neno. Ila iwe kauli yako. Mumeo mweleze, usimwombe ruhusa. Shangazi mwachie mimi.

Ukija, usije na karatasi peke yake. Omba maabara wakupe vile vipande vya nta vyenye nyama yako, maana huku huenda wakataka kuvisoma upya. Uulize kama kipimo cha homoni na cha HER2, ile protini ya kwenye seli za saratani, kimefanyika. Dawa zitafuata hicho.

Nijibu kabla ya Ijumaa. Mpangaji wa chumba cha uani anataka kulipa miezi sita mingine na sijampokelea hela.

Mama yako